Wapagazi Walilia Wapi?

Husemwa barazani, husemwa kwenye mahubiri ya ndoa, na siku hizi husemwa redioni kila vinapozungumzwa vifo vya wanaume waliojiua: mwanamume wa kwetu, tangu enzi za mababu, hakulia. Aliumia akanyamaza, akafiwa akakaza uso, akashindwa akatafuta kazi nyingine ya kuuchosha mwili hadi usingizi umchukue. Wapo wanaolisema hilo kwa fahari, wakiwasimanga vijana wa leo kuwa wamelainika. Wapo wanaolisema kwa kulaumu, wakitaka tuachane na mila iliyotuponza. Makundi haya mawili yanagombania thamani ya jambo lenyewe, lakini juu ya umri wake hayana ugomvi: yote yanaamini kuwa ni la kale. Hapo ndipo ninapotia shaka. Madai juu ya kale ni madai ya historia, nayo hupimwa kwa ushahidi, hayathibitiki kwa kurudiwarudiwa. Nataka kuyapima kwa kazi moja tu, upagazi wa misafara ya Afrika Mashariki, kwa sababu ikiwa palikuwa na mahali ambapo mwanamume alidaiwa ugumu wa mwili na wa uso kila kukicha, ni kwenye njia ile ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji.

Katikati ya karne ya 19 pembe za ndovu ziliteremka pwani kwa njia hiyo, na nguo za merikani, shanga na waya zikapanda bara. Mbung'o waliwaua ng'ombe na punda wengi, kwa hiyo karibu kila kitu kilipita begani au kichwani mwa binadamu. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, mbali na mkeka, chungu, silaha na posho ya mpagazi mwenyewe. Kufika Unyanyembe, penye mji wa Tabora, kulichukua miezi kwa miguu, kupitia Marenga Mkali penye maji yasiyonyweka, Ugogo penye kudaiwa hongo kila baada ya mwendo mfupi, na Mgunda Mkali, pori ambalo msafara ungeweza kutembea siku nyingi bila kuona kijiji. Ndui ilisafiri na misafara kama mpagazi mwingine asiye na mshahara. Wanyamwezi ndio walioigeuza kazi hii kuwa fani yenye sifa na masharti yake. Richard Burton, aliyepita huko na John Speke kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba kwao upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wadogo walizoezwa mapema kwa kubebeshwa kipembe kidogo begani. Burton aliwadharau Waafrika waziwazi katika kurasa nyingi za kitabu chake, na hilo linalipa neno hili uzito: hakuwa na haja ya kuwapamba watu aliokuwa akiwasema vibaya kila siku.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba sura ya nguvu ilikuwa jambo dogo katika kazi hii. Pembe kubwa kuliko zote ilibebwa na mwenye mabavu kuliko wote, naye alijua anatazamwa. Kirangozi, yule aliyetangulia na bendera, alivaa manyoya na ngozi ili aonekane, na msafara ulipokaribia mji watu walijipanga upya, wakajipamba, wakapiga ngoma na baragumu, wakaingia kana kwamba hawakuwa wale waliokuwa wakiburura miguu asubuhi yake. Wanyamwezi hawakuwa na jando la wote kama watu wa pwani, na safari ya kwenda kuiona bahari ilishika sehemu ya nafasi hiyo. Aliyerudi na nguo alikuwa na la kuwaambia wakwe. Asiyewahi kwenda alisikiliza wenzake wakizungumza. Katika mazingira hayo, kijana aliyeonekana kuchoka siku ya tatu alikuwa akihatarisha zaidi ya ujira wake. Hayo yote nayakubali. Ninachokikataa ni hatua inayofuata, ile ya kudhani kwamba kwa kuwa uso ulidaiwa kuwa mgumu njiani, basi machungu hayakuwa na pa kwenda.

Jua likizama msafara ulikuwa kijiji. Wapagazi walikaa kwa makundi ya watu wachache waliopika chungu kimoja, mara nyingi ndugu au watu wa kijiji kimoja, na hata katika kupanga mizigo walikataa kutenganishwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, ambaye kitabu chake cha 2006 juu ya wapagazi ndicho kilichoichambua kazi hii kwa kina, ameonyesha pia kwamba wake wa Wanyamwezi waliandamana na waume zao kwa idadi kubwa, wakibeba vyombo, wakisaga nafaka, wakifanya biashara yao wenyewe njiani. Picha ya mpagazi kuwa mwanamume mpweke porini ni picha ya baadaye. Na watu hawa, baada ya mwendo ambao Wazungu waliopanda punda waliulalamikia, walicheza na kuimba usiku. Wasafiri wengi walilistaajabia hilo, wengine wakaliona kuwa dalili ya akili ya kitoto isiyojua kuhuzunika. Hawakusikiliza maneno, au waliyasikia wakayapuuza. Nyimbo za njiani zilikuwa na kila kitu: njaa, ubahili wa mwenye mali, mnyapara mkatili, kumbukumbu ya nyumbani, safari isiyoisha. Mzungu mwenyewe aliimbwa akiwa amekaa palepale.

Namna wimbo huo ulivyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa makini. Kirangozi au mghani alitoa ubeti, wengine wakapokea. Malalamiko yaliyotolewa hivyo hayakuwa ya mtu. Aliyesema peke yake kwamba amechoka na amemkumbuka mamaye alijitia doa. Mia waliosema hivyo kwa pamoja, kwa mdundo wa miguu yao, walionekana kuwa msafara wenye moyo. Hivyo mpagazi hakulazimika kuchagua kati ya heshima na ukweli, maana ukweli ulipewa njia isiyogusa heshima yake. Nasisitiza hili kwa sababu leo tunapozungumza juu ya wanaume na huzuni tunafikiria njia moja tu ya kusema, ya mtu mmoja mbele ya msikilizaji mmoja, kwa sauti ya chini. Tusipoikuta njia hiyo katika historia tunahitimisha kwamba hapakuwa na njia.

Chombo cha pili kilikuwa utani. Makabila mengi kandokando ya njia za misafara yalifungamana na Wanyamwezi kwa utani, Wazaramo wa karibu na pwani wakiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya desturi hii katika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikuta mtandao mpana wa makabila yanayotaniana, na wengi walieleza asili yake kwa vita vya zamani au kwa safari. Watu hukumbuka matusi na kunyang'anyana vitu, kwa kuwa ndiyo yanayochekesha, lakini kazi nzito ya mtani ilikuwa msibani. Yeye ndiye aliyechimba kaburi, aliyeosha maiti pale ambapo desturi ilimruhusu, aliyelala ndani ya kaburi akidai fedha kabla ya kutoka, aliyemwiga marehemu kwa sauti na mwendo hadi waliofiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Kwa mwanamume aliyefia ugenini, mtani alikuwa ndiye ndugu. Tena mtani alikuwa na ruhusa ambayo ndugu hana: kumwambia mfiwa mbele ya watu kwamba anajikaza bure na uso wake umemsaliti. Tusi la mtani halikumvunjia mtu heshima, na kwa sababu hiyohiyo liliweza kupenya mahali ambapo pole ya jirani haikufika.

Tunao ushahidi mmoja wa msiba wa wapagazi ulioandikwa kwa urefu usio wa kawaida, kwa kuwa aliyekufa alikuwa mashuhuri. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wapatao 60, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti, wakaibeba maiti zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Uingereza ilikichukua kisa hiki kuwa hadithi ya utiifu na uvumilivu. Medali walizotengenezewa baadaye zilisifu uaminifu. Ni hadithi ya nguvu tupu. Lakini katika masimulizi ya Chuma na Susi yenyewe, yaliyohaririwa na Horace Waller pamoja na shajara za mwisho za marehemu, kuna jambo jingine. Kabla mwili haujafunguliwa, Chitambo alikuja na watu wake kuomboleza. Ngoma zililia, wapagazi wakafyatua bunduki mfululizo, na aliyejua kazi ya kuomboleza alivaa njuga za mbegu kavu miguuni, akazunguka maiti akicheza na kuimba. Wageni kutoka pwani, Shupanga na shule ya misheni ya Nasik kule Bara Hindi walipewa msiba na wenyeji wao, kwa utaratibu uliokwisha kuwepo, na wanaume wenye silaha ndio waliokuwa katikati yake. Hapo hakuna aliyemeza kitu. Ukimya ulikuja baadaye, na ulikuwa na sababu. Walipofika Kasekera, wenyeji walikataza maiti isipite. Wapagazi wakatengeneza bunda la mabua ya mtama, wakaondoka nalo kwa huzuni kana kwamba wanakwenda kulizika, wakalitupa porini. Na mwili wa bwana wao ukafungwa upya uonekane mtumba wa nguo. Kuanzia hapo waliibeba maiti kama bidhaa, nyuso zao zikiwa za watu wanaobeba bidhaa. Watu walewale, katika safari ileile, walilia mahali ilipofaa na wakaficha mahali palipokuwa na hatari. Hiyo ni busara ya njiani, na ni tofauti kabisa na kutojua kulia.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba ushahidi wangu umetoka kwa Wazungu, na wahariri wao. Ni kweli, na ndiyo maana nimeegemea zaidi mambo waliyoyaandika bila kuyaelewa, au yaliyopingana na hoja zao wenyewe. La pili ni zito zaidi: misafara ile iliwaacha wagonjwa njiani. Mwenye ndui aliachwa kando ya njia na kibuyu cha maji, wakati mwingine bila hicho, na nyimbo za usiku huo ziliendelea. Pia wengi waliobeba mizigo walikuwa watumwa, hawakuwa na mke kambini wala mtani njiani, na misafara ya pembe mara nyingi ilikuwa pia misafara ya mateka. Sitaki kuipamba njia ambayo kandokando yake mifupa ilionekana. Hoja yangu haihitaji njia hiyo iwe ya huruma. Inahitaji tu kwamba, miongoni mwa wapagazi huru, ugumu na maombolezo viliishi pamoja bila kimoja kukifuta kingine, na hilo ushahidi unalionyesha. Tena mtumwa asiye na mtani ni kielelezo cha hoja yenyewe: aliyenyamaza alikuwa yule aliyenyang'anywa watu wa kumsikia.

La tatu hutoka kwa wanaojua jando. Ngariba anapokata, kijana haruhusiwi hata kukunja uso. Je, huo si ukimya wa kale? Ni wa kale, sibishi. Lakini tazama ulivyozungushiwa mipaka. Unadaiwa kwa dakika chache, mbele ya watu, kwa maumivu yanayojulikana mwanzo na mwisho wake, na kijana ana mwenzake kulia na kushoto. Kisha anakaa kumbini majuma kadhaa akiuguzwa, akifundishwa nyimbo ambazo nyingi zinazungumzia kwa uwazi mambo yasiyotajwa kwingineko, na anatoka humo na watu wa rika lake ambao mbele yao hana aibu tena. Jando lilifundisha kujizuia kwa dakika hizo ndani ya mafunzo marefu ya kuwa na wenzako. Kuzichukua dakika hizo na kuzifanya maisha yote ni tafsiri ya baadaye, na aliyeifanya hakuwa ngariba.

Kilichobadilisha mambo kwa kasi, kwa maoni yangu, ni vita ya 1914 hadi 1918. Waingereza walipomfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kutoka kona hadi kona ya Tanganyika, walihitaji wabebaji kuliko askari. Chini ya Oscar Watkins, jeshi la wabebaji liliwaandikisha watu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika yenyewe na hata mbali zaidi. Mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia ukusanyaji mkubwa wa wanaume vijijini, wengine wakikamatwa usiku. Jumla ya waliobeba mizigo kwa upande wa Waingereza hukadiriwa kukaribia milioni. Waliokufa kutoka Kenya peke yake walizidi 40,000 kwa hesabu za serikali, na wanahistoria hukadiria vifo vyote vya upande huo kuwa karibu 100,000, ingawa wapo wanaotaja zaidi. Upande wa Wajerumani haukuacha hesabu ya kutegemewa. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria, na unga usioiva vizuri uliopewa watu waliozoea ndizi au vyakula vingine. Hesabu yenyewe ya mizigo ilikuwa ya kifo: mtu anayebeba kilo 25 na kula kilo moja kwa siku anamaliza mzigo wake wote kabla ya mwezi kwisha, kwa hiyo posho ndiyo iliyopunguzwa kwanza.

Kwa macho ya mbali kazi ilikuwa ileile, mwanamume na mzigo. Lakini kila kitu kilichokuwa kikimsaidia mpagazi wa zamani kilikuwa kimeondolewa. Mke hakuwepo. Chungu cha ndugu kilivunjwa, watu wakagawanywa kwa namba. Mpagazi wa 1870 aliyeonewa aliweza kutua mzigo na kugoma pamoja na wenzake hadi mwenye mali akajadiliana nao, au kutoroka usiku. Wa 1917 akifanya hivyo alichapwa kiboko au kufungwa. Vifo vilikuwa vingi mno na vya haraka mno kwa msiba wowote: mtani anaweza kuchekesha kaburi moja, hawezi kulichekesha shimo. Na waliorudi vijijini mwaka 1919, homa kuu ya mafua ikiwa bado inaua, walirudi bila nguo za kugawa wala sifa ya kuiona bahari. Safari yao haikuwa na hadithi inayosimulika kwa heshima. Wafungwa wa vita na watoro hawana wimbo wa kuingilia mjini, na hawa waliwekwa karibu na hapo. Ninaamini ukimya wa wanaume tunaouita wa asili ulipata shule yake kuu katika nyumba za watu hawa, na watoto wao wakaurithi wakidhani ndio uanaume.

Jinsi serikali ilivyowakumbuka haikusaidia. Sanamu za askari zilisimamishwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ile ya Dar es Salaam ina askari mmoja, bunduki mbele, singe imeelekezwa bandarini, mwili umekazana kana kwamba hajawahi kuugua siku moja. Ya Nairobi angalau ina mbebaji pembeni ya askari. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara hana umbo la kumfaa shaba. Kilichobaki kwake ni majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako watu hununua nyanya na viatu bila kukumbuka kuwa wanataja Carrier Corps, jeshi la wabebaji.

Wanaume wenyewe hawakukaa tu. Ngoma ya beni ilianza mijini pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, na vita ikaisambaza pamoja na askari na wabebaji hadi Tanganyika nzima na kupita mipaka yake. Kwa nje ilikuwa maonyesho ya ukakamavu: sare, matarumbeta, gwaride, vyeo vya jenerali na gavana, chama cha Marini kikishindana na cha Arinoti kwa madaha na gharama. Maofisa wa Kiingereza waliitilia shaka wakidhani ni siasa, wengine wakaicheka kuwa ni kuiga. Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni mwaka 1975, alionyesha kilichokuwa nyuma ya matarumbeta: wanachama walichangiana, walitembelea wagonjwa, walizika wafu wao. Kijana kutoka bara aliyefika Dar es Salaam bila ndugu alijiunga na jeshi la uongo, akapata watu wa kweli wa kumlilia. Hapa sura ya nguvu iligeuzwa kuwa kifuniko cha halali cha huruma. Jenerali alimtembelea mgonjwa kwa amri, si kwa udhaifu. Nadhani hakuna ushahidi mzuri kuliko huu kwamba wanaume walijua walichopokonywa. Walichopoteza kwenye vita walikijenga upya kwa mavazi ya vita ileile.

Kwenye mashamba ya mkonge hali ilikuwa ngumu zaidi. Manamba, walioletwa kwa mikataba kutoka Unyamwezi, Uha, Urundi na kwingineko, na kuanzia 1944 chini ya ofisi ya waajiri iliyojulikana kama Silabu, walikaa kambini, wengi bila wake, wakihesabiwa siku za kazi kwenye kipande. Utani ulikwenda nao. Mtu akifa shambani, watani ndio waliohangaika na kaburi. Lakini kambi ilipangwa kwa dhana kwamba mfanyakazi ni mikono miwili inayoazimwa kwa muda, na moyo wake uko kijijini ambako mwajiri hana jukumu nao. Dhana hiyo, ikirudiwa kwa vizazi viwili, humfundisha mtu kuamini kwamba mjini na kazini si mahali pa huzuni. Akirudi nyumbani kwa likizo fupi, anawakuta watu wanaosubiri zawadi.

Kisha wakaja wataalamu. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai pamoja na mengine mengi ya kusikitisha kwamba ugonjwa wa sonona ni adimu kwa Waafrika. Sababu aliitafuta ndani ya ubongo na malezi yao. Angeitafuta mlangoni mwa hospitali yake angeiona haraka. Mathari ilipokea watu walioletwa na polisi na mahakama, waliopiga watu au kuvua nguo barabarani. Mwanamume aliyekaa kibandani Kariokor haongei, hali, anakwenda kazini na kurudi, hakuwa na mtu wa kumpeleka popote, na yeye mwenyewe asingejipeleka. M. J. Field, akifanya kazi Ghana katika miaka ya 1950, aliwakuta wenye huzuni nzito kwa wingi kwenye vituo vya waganga, hasa wanawake, kwa sababu aliwafuata walikokwenda wenyewe. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda, wakakuta sonona zaidi kuliko katika sehemu ya London waliyolinganisha nayo. Lakini katika miaka ya Carothers ukimya ulisomwa kuwa utupu, na usomaji huo uliingia katika mafunzo ya tiba. Kinaya ni kwamba leo, tunaposema mwanamume wa Kiafrika tangu zamani hana machozi, tunamrudia Carothers huku tukidhani tunawataja babu zetu.

Atauliza mtu: hata kama ni hivyo, kuna faida gani kujua kwamba ukimya una miaka 100 badala ya 1,000? Ipo, kwa anayewataja wazee ili awahukumu vijana. Aseme ni wazee gani. Akiwataja wa 1870, basi amewataja watu walioimba njaa yao kila jioni, waliosafiri na wake zao, walioruhusu mtani awavue uso wa chuma mbele ya kaburi. Akiwataja wa kambi za mkonge, anasifu mila iliyopangwa na mwenye shamba kwa ajili ya tani za mkonge. Wote wawili ni wazee wetu, lakini hawakuishi kwa sheria moja.

Mtani mwenyewe hajafa. Katika misiba mingi ya Tanzania bado hutokea mtu akazuia jeneza hadi apewe chochote, na waliofiwa wakatabasamu. Ila siku hizi anaonekana mchekeshaji tu, na mjini mara nyingi anaombwa afupishe. Ratiba iliyochapwa ina saa ya wasifu wa marehemu, salamu za mwajiri, neno la kiongozi wa mtaa na shukrani za familia. Mtani akitaka dakika zake, inabidi azivamie.